Funika Picha, Sikiliza Anavyosoma

Mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Gallup iliwauliza wazazi wa Marekani jinsi watoto wao wanavyoendelea shuleni. Karibu tisa kati ya kila kumi walijibu kwamba mtoto wao anasoma vizuri kwa kiwango cha darasa lake, au hata kulizidi. Walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwani ripoti zilizofika nyumbani zilijaa alama za A na B. Mwaka uliofuata ukaja mtihani wa taifa unaoitwa NAEP, ambao hupima sampuli ya wanafunzi katika majimbo yote. Watoto 40 kati ya kila 100 wa darasa la nne hawakufikia hata ngazi ya kwanza ya kusoma.

Kwa watoto Weusi hali ni nzito zaidi. Katika mtihani huohuo ulipofanywa mwaka 2022, asilimia 17 tu ya watoto Weusi wa darasa la nne walifika ngazi ya umahiri, huku wazungu wakiwa asilimia 42. Umahiri wa NAEP ni kipimo kigumu kuliko alama ya kupanda darasa, kwa hiyo si haki kusema kwamba waliobaki wote hawajui kusoma. Lakini pengo la namna hiyo halitokani na akili za watoto. Linatokana na shule walizopangiwa, walimu na fedha zilizokosekana, na kwa kiasi kikubwa njia waliyofundishwa kusoma. Hilo la mwisho mzazi anaweza kuligundua mwenyewe mezani kwake, jioni moja, bila kungoja ripoti.

Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili anakumbuka ba, be, bi, bo, bu ubaoni. Kila irabu ina sauti moja, na sauti hiyo haibadiliki kutoka neno moja hadi jingine. Mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka neno lolote, hata asilojua maana yake. Kiingereza hakina wepesi huo. Kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na herufi zilezile husomeka hivi hapa na vile pale. Kwa sababu hiyo mtoto anayekisoma anahitaji kufundishwa sauti za herufi kwa utaratibu, polepole, hatua baada ya hatua, kwa muda mrefu kuliko mtoto wa Kiswahili.

Kwa miongo mingi shule nyingi za Marekani zilifanya kinyume. Mwaka 1967 msomi Ken Goodman alidai kwamba kusoma ni kubahatisha kwa akili: msomaji mzuri hutazama muktadha akakisia neno linalofuata. Mawazo yanayokaribiana na hayo yalitoka New Zealand kwa Marie Clay, na mitaala ikajengwa juu yake. Mtoto akikwama kwenye neno, aliambiwa atazame picha, aangalie herufi ya kwanza, ajiulize ni neno gani lingefaa hapo. Ukurasa umeandikwa “horse”, picha ni ya farasi mdogo, mtoto anasema “pony”, na mwalimu anampongeza kwa kuwa maana haijapotea. Mtoto huyo hajasoma. Amekisia tu, na atakwama siku atakapofika darasa la nne, ambako vitabu vya sayansi na historia havina picha za kumwokoa.

Ushahidi ulikuwapo zamani. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani lilipitia tafiti nyingi, likahitimisha kwamba kufundisha sauti za herufi kwa utaratibu huwasaidia watoto kusoma. Hitimisho hilo lilibaki kwenye makabati ya shule nyingi. Hasira ya umma iliwaka baadaye, hasa mwaka 2022, mwanahabari Emily Hanford alipotoa mfululizo wa vipindi vya sauti uitwao “Sold a Story”, akieleza jinsi nadharia ya kukisia ilivyouzwa kwa shule. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Columbia kilikifunga kituo cha Lucy Calkins, mmoja wa waandishi wakubwa wa mitaala hiyo. Majimbo yapatayo 40 yamepitisha sheria za kubadilisha ufundishaji wa kusoma. Ila sheria hupita siku moja, na mafunzo kwa walimu huchukua miaka. Mtoto aliye darasa la pili leo hana miaka hiyo.

Hapo ndipo mzazi anapoingia. Achukue kitabu ambacho mtoto amekileta kutoka shuleni, akifungue ukurasa ambao mtoto hajawahi kusomewa, kisha aifunike picha kwa kiganja. Amwache asome kwa sauti. Asimkatize, asimsaidie upesi. Asikilize kama macho ya mtoto yanapita kwenye neno lote au yanaishia herufi ya kwanza na kurukia neno jingine. Baadaye aandike kwenye karatasi maneno yasiyo na maana katika Kiingereza, kama “vop”, “nesh” na “tig”, amwambie kwamba ni majina ya wanyama wa kubuni. Neno la kubuni halikisiki wala halijakaririwa. Mtoto wa darasa la pili anayeyatamka bila shida anazijua sauti za herufi. Anayekodoa macho, akasema “vote” badala ya “vop”, amefundishwa kukisia, au ana tatizo ambalo halijatambuliwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kufanya sehemu kubwa ya jaribio hili. Kusitasita kunasikika katika lugha yoyote. Kuna pia kipimo ambacho shule nyingi hukifanya mara kadhaa kwa mwaka, ambapo mtoto husoma kwa dakika moja na mwalimu huhesabu maneno aliyoyapatia. DIBELS ya Chuo Kikuu cha Oregon ni mojawapo ya vipimo hivyo. Namba hiyo ina thamani kuliko alama ya A. Mzazi ana haki ya kuiomba, pamoja na namba inayotarajiwa kwa mtoto wa umri huo.

Kutamka maneno si kusoma kote, bila shaka. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliweka wazi jambo linaloonekana rahisi: kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuyatamka na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sehemu ya pili, ile ya lugha, hukua kwa mazungumzo, hadithi, vitendawili na maswali ya “kwa nini”, na hukua katika lugha ambayo mzazi anaimudu. Ushauri wa kuacha Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza haraka ni mbaya, na wazazi wengi bado wanapewa. Mama anayesimulia safari ya babu kwa Kiswahili kilichonyooka anamjengea mtoto msamiati wa mawazo, mpangilio wa kisa na uwezo wa kufuatilia jambo refu. Mama huyohuyo akilazimika kuongea Kiingereza cha kubahatisha, mtoto anapata lugha pungufu kutoka pande zote mbili.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa kweli. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyoongoza kwa kutoa wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni Wakongo wa mashariki waliopitia Nyarugusu mkoani Kigoma, Kyangwali nchini Uganda au Kakuma nchini Kenya. Wapo Louisville na Lexington, wapo Dallas, wapo miji ya Ohio na Iowa. Watoto wao hufika na elimu za aina tofauti. Aliyesoma Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, wa Kakuma alifuata mtaala wa Kenya kwa Kiingereza, na wengine walikosa shule kwa miaka. Huko Marekani wanapangwa darasa kwa umri. Kijana wa miaka 15 anaweza kujikuta darasa la tisa bila kuwahi kufundishwa kusoma na mtu yeyote, na walimu wa ngazi hiyo hawakuandaliwa kufundisha silabi.

Halafu kuna adabu. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mzazi humkabidhi mtoto kwa mwalimu na kunyamaza. Kumhoji mwalimu ni kumvunjia heshima mtu aliyesomea kazi yake. Katika shule ya Marekani ukimya huo husomwa vibaya, kwamba mzazi hajali. Wazazi Weusi waliozaliwa hapohapo wana tatizo la upande wa pili: wanapoongea kwa nguvu huonekana wakali, na madai yao yanasukumwa kando. Wote wawili wanaangukia shimo moja. Tofauti na mikutano ya uso kwa uso, maandishi hayana sauti kali wala aibu, na ndiyo maana kila jambo la maana shuleni linafaa lipitie kwenye karatasi au barua pepe yenye tarehe.

Sheria ziko upande wa mzazi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani bila msaada wa lugha ni kumbagua. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, mahakama hiyo ilisema mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kutokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni wa shule kumtafuta na kumlipa. Amri ya Machi 2025 ya Rais Donald Trump ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi haikuzifuta sheria hizo. Mkalimani asiwe mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi anayetafsiri habari za udhaifu wake wa kusoma mbele ya mama yake anawekwa mahali pasipofaa, na mara nyingi habari hizo hufika zikiwa zimelainishwa.

Sheria yenye nguvu zaidi kwa mtoto anayehangaika kusoma ni ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na leo kujulikana kama IDEA. Inamruhusu mzazi kuomba tathmini kamili, bila malipo. Barua haihitaji maneno ya kisheria. Inatosha kuandika jina la mtoto, darasa lake na tarehe, kisha: naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya elimu maalumu kwa sababu nina wasiwasi na kusoma kwake, nimeona anakisia maneno, nimeona anashindwa kutamka maneno mapya. Nakala moja aiweke nyumbani. Shule ikikubali na mzazi akisaini ridhaa, sheria ya shirikisho inatoa siku 60 tathmini ikamilike, isipokuwa pale jimbo lilipoweka muda wake. Shule ikikataa, lazima itoe sababu kwa maandishi. Mzazi asiporidhika na tathmini yao, anaweza kuomba nyingine huru kwa gharama ya shule. Mtoto akionekana anastahili msaada, huandaliwa mpango wake binafsi, unaojulikana kwa herufi tatu IEP, na mzazi ni mjumbe kamili wa kikao kinachouandaa.

Kwa familia za wahamiaji kuna kikwazo kimoja kinachorudi mara kwa mara. Mama anapoeleza wasiwasi wake, anaambiwa wangoje kwanza mtoto ajue Kiingereza. Miaka miwili inapita, mitatu. Ni kweli kwamba sheria inakataza kumwita mtoto mlemavu kwa kuwa tu hajui Kiingereza, au kwa kuwa hakufundishwa kusoma ipasavyo. Lakini haimruhusu mtu kuichelewesha tathmini kwa sababu ya lugha, na inataka mtoto apimwe katika lugha inayoweza kuonyesha anachokijua, pale inapowezekana. Swali la mzazi hapa ni jepesi na lina uzito: je, mtoto anapata shida hiyohiyo anapoongea na kusimulia kwa Kiswahili? Akiwa mwepesi wa kusimulia kwa Kiswahili na mzito katika sauti za herufi, hiyo ni taarifa muhimu, na mzazi ndiye pekee aliye nayo.

Pia ipo haki ya kuona faili. Sheria iitwayo FERPA ya 1974 inaipa shule siku zisizozidi 45 kumwonyesha mzazi kumbukumbu zote za mtoto akiomba. Humo mna matokeo ya vipimo ambavyo havikuwahi kutajwa kwenye ripoti, na wakati mwingine mna maelezo ya walimu wa miaka iliyopita walioona tatizo wakaliandika, na hakuna aliyechukua hatua.

Mzazi mmoja akiandika barua, mtoto mmoja husaidiwa. Wakiandika wengi, wilaya ya shule hutikisika. Oakland, California, inaonyesha. Kareem Weaver alikuwa mwalimu huko, na amesimulia hadharani jinsi yeye na wenzake miaka ya 2000 walivyoupiga vita mtaala uliofundisha sauti za herufi hatua kwa hatua, wakiuona kuwa amri ya wakubwa inayomdhalilisha mwalimu. Waliushinda, ukaondolewa. Miaka ilipopita akaona kwamba walioumia ni watoto Weusi aliotaka kuwatetea. Januari 2021 yeye na tawi la Oakland la NAACP, chama kongwe cha haki za Wamarekani Weusi, waliwasilisha ombi rasmi wakitaka wilaya ibadilishe njia ya kufundisha. Wakati huohuo Lakisha Young, mama aliyeanzisha kundi la wazazi la Oakland REACH mwaka 2016, aliamua kutongoja walimu wapya. Kundi lake liliwachukua wazazi, akina bibi na majirani, likawafunza kufundisha sauti za herufi kwa vikundi vidogo, na wilaya ikawaajiri madarasani. Watu ambao shule ilizoea kuwaona mlangoni asubuhi na jioni walianza kukaa na watoto wa darasa la kwanza wakiwasikiliza neno kwa neno.

Wengine walikwenda mahakamani. Mwaka 2016 wanafunzi wa Detroit waliishtaki Michigan wakisema shule zao zimewanyima hata nafasi ya kujua kusoma, na Aprili 2020 majaji wa rufaa walikubali kwamba Katiba inalinda elimu ya msingi ya namna hiyo. Uamuzi huo ulifutwa baada ya muda mfupi na majaji walio wengi wa mahakama hiyo, lakini pande zilikuwa zimeshasuluhishana, na mwaka 2023 jimbo likaidhinisha zaidi ya dola milioni 94 kwa ajili ya kusoma mjini Detroit. California nayo ilishtakiwa mwaka 2017. Ilisuluhishana mwaka 2020 kwa dola milioni 53, nyingi zikipelekwa kwenye shule 75 zilizokuwa na matokeo mabaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopima baadaye, walikuta watoto wa darasa la tatu wa shule hizo wamepata maendeleo ya ziada yanayolingana na robo ya mwaka wa masomo.

Na kuna Mississippi, jimbo maskini lenye watoto wengi Weusi, ambalo mwaka 2013 lilikuwa karibu mkiani mwa nchi. Mwaka huo lilipitisha sheria ya kuwafunza upya walimu, kupeleka wakufunzi wa kusoma kwenye shule dhaifu, kuwapima watoto mapema na kutompandisha darasa la nne asiyeweza kusoma. Mwaka 2024 watoto wake wa darasa la nne walipata wastani wa 219 kwenye NAEP, wakati wastani wa shule za serikali nchini ulikuwa 214. Kumrudisha mtoto darasa ni hatua ngumu, na mzazi ana haki ya kuihoji. Ila alama za jumla zilipanda.

Mtoto akishajua kutamka, anahitaji kitu kinachomfanya atake kusoma. Mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick alichunguza vitabu zaidi ya 5,000 vya watoto vilivyochapishwa Marekani, akakuta asilimia 6.7 tu vina mtoto Mweusi ndani yake, katika maneno au picha. Mwaka 1985 kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kuhesabu, kikapata vitabu 18 vya waandishi na wachoraji Weusi kati ya takriban 2,500. Katikati ya uhaba huo Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa mwaka 1971 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, “Moja Means One”, kikiwa na michoro ya mumewe Tom Feelings. Kilipata heshima ya Caldecott, na miaka mitatu baadaye wakatoa kingine cha alfabeti, “Jambo Means Hello”. Watoto Weusi waliotenganishwa na Afrika kwa karne nyingi walijifunza moja, mbili, tatu kutoka kwenye kurasa hizo.

Leo hali ni nafuu, ingawa vitabu vya Kiswahili bado ni adimu katika maktaba za Marekani. Kadi ya maktaba ni bure. Maktaba nyingi zina fomu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe, na maombi ya familia kadhaa yana uzito kwa mkutubi anayepanga bajeti. Wakati wa kungoja, mradi wa African Storybook una hadithi za bure mtandaoni katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi moja huweza kupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa picha zilezile. Baba anaweza kuichapisha kwenye mashine ya maktaba, akaisoma kwa Kiswahili usiku wa kwanza, wakaijadili, kisha usiku wa pili mtoto akamsomea yeye kwa Kiingereza, picha ikiwa imefunikwa pale inapohitajika, na baba akiuliza kila anapokosa kuelewa.